Jicho la Mtoto Likiwa Jekundu

Leo tuzungumzie macho ya watoto wetu.

Mtoto akiamka macho yameshikana kwa matongo, usikimbilie dawa. Nawa mikono, mlete penye mwanga, umwangalie vizuri.

Je, shida iko kwenye ukope? Kijipu chenye uchungu pale nywele za kope zinapoota huitwa chokea. Usikitumbue. Kikande kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku.

Je, ni jicho lenyewe? Likiwa na usaha mzito, mara nyingi ni bakteria. Likitoa majimaji naye ana mafua, huenda ni virusi. Yote mawili yakiwasha bila usaha, hasa msimu wa vumbi, huenda ni aleji. Mpe taulo yake peke yake, maana maambukizi husambazwa na mikono na vitambaa.

Usitie maziwa ya titi, wala dawa ya macho ya jirani. Dawa nyingine huzidisha ugonjwa.

Lakini mtoto mchanga, chini ya siku 28, akitoa usaha, mpeleke hospitali leo hii. Huenda ni kisonono alichopata akizaliwa, nacho chaweza kumpofusha haraka. Usione haya, mama. Wewe na baba mtatibiwa pia.

Wahi vilevile mtoto akiogopa mwanga, asipoona vizuri, au ukope ukivimba pamoja na homa.