Zakayo alirudisha mara nne: nani alimlazimisha?



Hapa kambini neno "utaona!" tunalisikia kila siku. Mtoto hataki kwenda kuchota maji: "Mungu anakuangalia, utaona!" Jirani hakutoa sadaka: "Baraka zako zitafungwa, utaona!" Na kweli mtoto anachota. Lakini siku mama akichelewa kwenye mgao, ndoo inashinda tupu mlangoni.

Wengine wanatuuliza: hofu ikiondoka, watu si watafanya wanavyotaka tu? Swali si la kijinga. Basi tumwangalie Zakayo, Luka sura ya 19.

Alikuwa mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko. Ushuru ulikuwa wa Warumi, wageni walioitawala nchi, na watoza wengi walizidisha hesabu ili wao wapate chao. Watu walimchukia. Sisi tuliopita vizuizi vya barabarani na mizigo kichwani tunawaelewa kabisa.

Sasa angalieni kilichotangulia. Yesu hakumwambia, "Rudisha kwanza, halafu nitakuja kwako." Alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, akajialika nyumbani kwake. Watu wakanung'unika, na tusiwalaumu haraka: Zakayo hajarudisha hata senti moja, na mgeni tayari anakuja! Hiyo ndiyo neema.

Ni baada ya hapo Zakayo akasimama, akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Hebu tufanye hesabu. Sheria ya Musa, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka mtu aliyekiri kosa arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Ulichukua 100, unalipa 120, mambo yamekwisha. Kulipa mara nne kulikuwa kwa mwizi wa kondoo ambaye amekwisha kumchinja au kumwuza (Kutoka 22). Zakayo alijihesabu pamoja na mwizi huyo: kwa 100 analipa 400. Mwenye hofu angelipa 120 na kudai risiti.

Wala tusiwasahau wale waliodhulumiwa. Neema haikuwaambia wanyamaze wasamehe tu. Mdaiwa mwenyewe ndiye aliyetaja deni lao, bila kushtakiwa na mtu.

Paulo naye, akiwa gerezani, alimwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa aliyekuwa ameondoka kwake. Alisema wazi kwamba angeweza kuamuru. Akachagua kuomba, ili wema wa Filemoni usiwe wa kulazimishwa, na kama Onesimo ana deni, Paulo akaahidi kulilipa yeye. Barua ni fupi, mnaweza kuisoma nyumbani jioni moja pamoja na watoto. Filemoni alijibu nini, Biblia haisemi.