Kuku Wako Wakati wa Kipupwe: Ziba Upepo, Usizibe Hewa

Wewe unayeishi Njombe, Makete, Mufindi au huko juu kwenye milima ya Uporoto huna haja ya kuelezwa habari za Juni mpaka Agosti. Kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya nyasi, na watoto hawataki kubanduka mekoni. Hapo ndipo unapomkumbuka kuku. Je, yeye huko bandani amelalaje?

Swali ni zuri, ila jibu ambalo wengi wetu hulitoa ni baya. Tunachukua magunia, matope na mabanzi, tunaziba kila tundu mpaka banda linakuwa kama chungu kilichofunikwa. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilimshauri mama mmoja afanye hivyo hivyo. Alikuwa na mitetea 18, na mayai yao ndiyo yaliyonunua madaftari ya wajukuu. Nilipopita tena baada ya wiki mbili aliniita uani. "Bwana shamba, njoo mwanangu uwatazame wagonjwa wako." Kuku walikuwa wanakoroma, macho yamevimba, kamasi puani. Sita walikufa. Mama yule hakunigombeza. Alinionyesha tu kwa kidole matone ya maji yaliyoning'inia chini ya bati.

Maji yale yalitoka wapi, wakati mvua haijanyesha? Yalitoka kwa kuku wenyewe. Kuku mkubwa hunywa karibu robo lita kwa siku, kwa hiyo kuku 20 hunywa lita 5, yaani kama robo debe. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka tena kwa pumzi na kwa kinyesi, na usiku kucha hutokea humo humo bandani. Yakikosa njia, hupanda mpaka kwenye bati, yanapoa, yanadondoka migongoni mwa kuku. Chini nako kinyesi kilicholowa hutoa hewa ya amonia, ile inayochoma macho. Hewa hiyo huchubua koo na mapafu, na mafua yanapata mlango wa kuingilia.

Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili haogopi sana baridi kavu. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 41, kupita letu. Akijitutumua, hewa hukaa katikati ya manyoya na kuwa blanketi lake. Blanketi hilo lina maadui wawili: upepo unaompiga moja kwa moja, na unyevu.

Basi fanya hivi. Kesho alfajiri, kabla hujafungulia kuku, ingia bandani uchuchumae mpaka kichwa chako kiwe sawa na chao. Vuta pumzi. Macho yakikuwasha, au ukipapasa bati ukakuta maji, banda lako limezibwa mno. Ukisikia upepo shingoni, limezibwa kidogo mno.

Kuta zizibe vizuri kuanzia chini mpaka juu kidogo ya pale vinapofika vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Anza na upande wa upepo. Msimu huu mara nyingi huvuma kutoka kusini-mashariki, ingawa kila bonde lina tabia yake, na wewe unalijua lako kuliko mimi. Juu, chini ya paa, acha uwazi wa shubiri moja katika pande mbili, uweke wavu ili kicheche asipite. Hewa nzito itatokea huko bila kumpiga kuku.

Sakafuni mwaga maranda makavu ya mbao, kina cha upana wa kiganja. Maranda, siyo unga wa msumeno, maana vifaranga huula. Penye maji na chini ya fito ndipo panapolowa haraka; ondoa sehemu iliyolowa, peleka bustanini, weka kavu. Fito za kulalia ziwe nene kama mpini wa jembe au zaidi, ili kuku akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole. Kila mmoja apate sentimita 20.

Jioni, kabla hawajapanda kulala, wape mahindi kidogo ya ziada. Chakula kinachosagwa tumboni usiku humpa kuku joto. Asubuhi wape maji ya uvuguvugu, kwa kuwa yakiwa baridi sana hunywa kidogo, na mayai yanapungua.

Vifaranga ni habari nyingine. Hawa hawana manyoya ya kuwakinga, na baridi huwaua kweli. Wakiwa na mama yao, wasitoke mpaka umande ukauke. Wasio na mama wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakirundikana na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, hapo sawa.

Sasa nisikilize vizuri. Wako wanaowaleta vifaranga chumbani wanakolala watoto, wakaweka na jiko la mkaa, wakafunga mlango. Usifanye hivyo hata usiku mmoja. Mkaa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, na mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi, bado unaitoa. Inaua vifaranga na inaua watu wakiwa usingizini. Badala yake chemsha maji, yatie katika dumu lisilovuja, lifunge kwa gunia na uliweke katikati ya vifaranga ndani ya boksi lenye matundu juu. Utaamka mara moja au mbili usiku kubadili maji. Ni usumbufu, nakubali, lakini ni wa wiki chache tu.

Jambo la mwisho, usisingizie baridi kila kifo. Kuku akizubaa, akiharisha kijani, au shingo ikapinda, huenda ni mdondo, na mdondo hauna dawa ila kinga. Chanjo ya tone moja jichoni, kila miezi mitatu, iwahi kabla ya baridi kuanza. Wakianza kufa kwa mfululizo, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo, na waliobaki usiwapeleke mnadani.