Lipi Lililotangulia: Joto au Uchovu?

Katika njia itokayo Bungu kuelekea Nyamisati, ambako wasafiri wa Mafia hungoja vyombo vyao, ulikuwapo wakati ule mchanga mwingi na laini, uliotandaa baina ya mikorosho na minazi kama uliochekechwa kwa makusudi, na gari lolote lililoingia humo bila ya nguvu ya kutosha lilijuta. Humo ndimo gari la sahibu yangu lilimotuangusha, saa kumi za alasiri, ikiwa imebaki safari fupi tu kabla ya kuiona mikoko ya Delta ya Rufiji: kwanza likaanza kuguna na kusitasita kila lilipokanyagiwa mafuta, kisha mshale wa joto ukapanda taratibu, ukavuka nusu, ukaugusa mstari mwekundu, na mvuke ukatoka chini ya kiti cha dereva kwa sauti ya chungu kilichofurika.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya zamani, yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, ya silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, isiyo na taabo. Mwenyewe aliling'oa viti vya abiria, akalitia kitanda, jiko la gesi, kabati na tangi la maji, ili liwe nyumba yake ya safari. Nalo, kama nyumba yoyote, likawa zito. Kabla ya safari hiyo lilikuwa na tabia ya kuchemsha mara mojamoja katika foleni za Dar es Salaam, na fundi mmoja wa mjini, pasipo kuuliza sana, aliing'oa themostati akaitupa, kisha akatoa hukumu kwamba likirudia tena haina budi ifunguliwe silinda hedi. Hukumu hiyo ni ya gharama kubwa, na aghalabu hutolewa kwa wepesi mno. Ndiyo sababu nimependa kuyaeleza kwa kirefu yaliyotukuta.

Jambo tulilolifanya kwa usahihi siku ile ni moja, nalo ni kutofanya kitu. Maji safi katika usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 100. Lakini mfuniko wa rejeta huyabana kwa shindikizo, na mfuniko wa kadiri ya 0.9, kama ule wa gari letu, huyafanya yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 118. Basi mtu afunguapo mfuniko ule ilhali injini ina moto, shindikizo huondoka ghafula, na maji yaliyokuwa yametulia huwa mvuke papo hapo na kuruka usoni mwake. Aidha, amwagaye maji baridi ndani ya injini iliyochemka huweza kuipasua hedi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akailaumu Japani. Tulikaa chini ya mkorosho mpaka giza likaingia, tukalala humo garini, na alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, tukaongeza maji ya kunywa tuliyoyachukua, tukarudi nyuma pole pole.

Hapo tukaona ajabu iliyotufungua macho baadaye. Mchangani mshale ulipanda tena nusura utukwamishe. Lakini tulipoikanyaga lami ya barabara ya Kilwa, na upepo ukaanza kuvuma usoni mwa gari, mshale ukashuka wenyewe, ingawa udhaifu wa injini ulibaki vile vile na malori yalitupita kama tuliosimama.

Kibiti ni mji wa njia. Tangu mwaka 2003, daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji na pantoni ya Ndundu ikapumzika, magari ya Lindi na Mtwara hupita hapo usiku na mchana, na mafundi wa kando ya barabara huona kila namna ya ugonjwa. Tulimkuta mmoja, mtu mzima, chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Lilianza kuchemsha, au lilianza kuchoka?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Sahibu yangu alifikiri kitambo, akajibu kwamba uchovu ulitangulia, tena ulianza kitambo baada ya kununua dizeli ya dumu njiani, kwa kuogopa kuishiwa. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika, na spana zake zikabaki zilipokuwa.

Maelezo yake, niyapangayo hapa kwa maneno yangu, yalikuwa haya. Katika nguvu yote iliyomo ndani ya mafuta, takriban thuluthi moja tu hugeuka mwendo wa magurudumu. Thuluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huchukuliwa na maji na hewa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, bali huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Kwa hiyo ikipata mafuta pungufu, moto nao hupungua, na injini huwa dhaifu pasipo kuwa ya moto. Chujio la dizeli lililoziba, peke yake, halichemshi gari. Maadamu joto na udhaifu vimeonekana pamoja, ama iko sababu moja inayozaa vyote viwili, ama ziko sababu mbili zilizokutana njiani.

Alizitafuta kwanza sababu za namna ile ya kwanza. Alitutuma tuendeshe mwendo mfupi na kurudi bila ya kukanyaga breki kwa nguvu, kisha akapitisha kiganja karibu na kila gurudumu, kwa kuwa breki iliyoshika hulifanya gari livute mzigo usioonekana, nayo hujidhihirisha kwa gurudumu moja kuwa na moto kuliko wenzake. Yote yalikuwa sawa. Aliutazama moshi: mweusi mzito ungemwambia hewa haitoshi au mafuta yamezidi, mweupe usiokoma ungemtia shaka ya maji au ya pampu kupiga kwa kuchelewa. Ndipo akachukua mpira mwembamba utokao kwenye shingo ya rejeta, akautumbukiza ndani ya chupa yenye maji nusu, akaniambia niushike na kutazama ilhali sahibu yangu akiongeza mlio wa injini. Gesketi ya hedi ikiwa imeungua, gesi ya silinda hupenya katika maji na kutoa mapovu mfululizo, kama mtu anayepuliza kwa mrija. Nilitazama dakika nyingi. Yalitoka mapovu mawili matatu mwanzoni, kisha maji yakatulia tuli. Hedi, ambayo ilikwisha kuhukumiwa, ilikuwa nzima.

Basi akaurudia mshale wetu na lami. Gari lichemshalo likienda pole na kupoa likienda kasi, alisema, hukosa upepo. Na lile lipoalo likienda pole na kuchemsha likienda kasi au likipanda mlima, aghalabu hukosa mzunguko wa maji, kwa rejeta iliyoziba ndani kwa kutu au pampu ya maji iliyokwisha. Kanuni hii fupi, kwa maoni yangu, yafaa ibandikwe katika kila gereji. Alizima injini ikiwa bado ya moto, akaizungusha feni kwa kidole, nayo ikazunguka mara nyingi bila ya upinzani, nyepesi kama tiara. Ndani ya klachi ya feni mna mafuta mazito ya silikoni yanayoikamata feni pale joto linapozidi. Yakishavuja, feni huzunguka kwa uvivu na haivuti kitu. Mbele ya rejeta pia alichomoa mkono mzima wa mbegu za majani na tope lililokauka.

Mwisho alifungua kijibomba cha chini ya chujio la dizeli, akakinga kwa glasi ya chai. Glasi ilipotua, tuliona tabaka mbili dhahiri shahiri: juu dizeli ya rangi ya asali, na chini yake, vidole viwili vizima, maji yenye ukungu, kwani maji ni mazito kuliko dizeli na hushuka daima. Hilo ndilo dumu la njiani.

Hapo kisa kizima kikafunuka. Klachi ya feni ilikwisha kufa zamani, tangu siku za foleni, lakini upepo wa barabara kuu uliuficha ugonjwa. Maji ya dumu yakaidhoofisha injini; injini dhaifu ikamlazimisha dereva kushika gia namba moja mchangani; mwendo ukawa wa kinyonga, upepo ukakosekana, na joto likapata nafasi. Kung'olewa themostati nako hakukusaidia kitu, bali katika injini nyingi hudhuru, maana huacha wazi njia ya mkato ambayo kwayo maji ya moto hurudi injini bila ya kupita kwenye rejeta.

Klachi ilibidi iletwe kutoka Kariakoo kwa basi, tukangoja siku mbili. Nikakumbuka kwamba nchi hii iliwahi kungoja vipuri vikubwa zaidi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilijificha katika Delta ya Rufiji kwa sababu mtambo wake uliharibika, na sehemu zilizovunjika zikapelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu zikatengenezwe na kurudishwa. Zilirudi, lakini Waingereza walikwisha kuizingira milango ya mto, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia humo humo.

Sisi tulipata njia wazi. Chujio jipya, klachi mpya, themostati mpya, rejeta iliyooshwa kwa maji kutoka ndani kwenda nje, na siku ya tatu tukauingia mchanga ule ule kwa gia namba mbili. Mshale ukasimama chini kidogo ya nusu, hautikisiki, mpaka harufu ya mikoko ikaingia madirishani na tukaziona mashua za Nyamisati zikiwa zimelala juu ya tope, zikingoja maji yajae.