Mkebe wa Sarafu za Zamani: Ipi Ichaguliwe Kwanza

Sarafu za zamani za Tanzania Bara ni za zama tatu: rupia na heller za Wajerumani, shilingi na senti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na shilingi ya Benki Kuu ya Tanzania iliyoanza mwaka 1966. Zote zilipita Usukumani, pamoja na sehemu ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu. Pamba ndiyo iliyozileta kwa wingi, kwa kuwa mkulima wa Bariadi, Maswa au Meatu alipouza zao lake alilipwa fedha taslimu. Nyingi zilirudi dukani zikaendelea kuzunguka. Chache zilibaki kwenye mkebe, na kati ya hizo chache mkusanyaji hutaka kujua zipi ziwekwe mbele.

Zama za kwanza ndizo zenye sura nyingi zaidi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba mwaka 1890, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Rupia yenyewe ilikuwa ya fedha, na juu yake alichorwa Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai kileleni. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia moja ikawa heller 100. Heller kumi yenye tundu katikati ilitolewa kati ya 1908 na 1914. Herufi ndogo A huonyesha kwamba sarafu ilipigwa Berlin, na J kwamba ilipigwa Hamburg.

Herufi ya kutafuta kwa bidii zaidi ni T. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, manowari za Uingereza zilifunga pwani na sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Serikali ya kikoloni ikahamia Tabora, mji uliounganishwa na Dar es Salaam kwa reli tangu 1912, na mwaka 1916 karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha kupigia fedha. Mafundi waliozoea vipuri vya garimoshi wakaanza kukata vipande vya duara na kuvigonga kwa mihuri. Zilitoka sarafu za heller 5 na heller 20, nyingi zikiwa za shaba ya manjano iliyopatikana kwenye maganda ya risasi na mabaki mengine ya metali. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, upande wa Singida, ikapigwa rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Za dhahabu zilikuwa 16,198 tu. Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikaishia hapo.

Sarafu ya tembo ndiyo wanayoililia wanunuzi wa dunia nzima, na bei yake inalingana na sifa hiyo. Hata hivyo, katika mkebe wa Usukumani nafasi ya kwanza inastahili heller 20 ya shaba ya manjano. Ndiyo iliyopita mikononi mwa askari, wapagazi na wachuuzi, na haraka ya vita inaonekana juu yake waziwazi: maandishi hayakukaa sawa, duara lina kingo zisizolingana, na mihuri ilichakaa ikabadilishwa mara kadhaa. Ndiyo maana wataalamu hutenganisha zenye taji kubwa na zenye taji dogo, kisha hutazama ncha za herufi L katika neno HELLER, kama zimepinda au zimechongoka. Kwa lenzi ndogo na mwanga wa dirisha, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzipanga mwenyewe.

Zama za Mwingereza zinaonekana kufanana mwanzo hadi mwisho, lakini mna mambo yanayohitaji jicho. Bodi ya Sarafu iliundwa London mwaka 1919, na shilingi yenye simba mbele ya milima ikaanza mwaka 1921. Shilingi na sumuni (senti hamsini) za hadi mwaka 1946 zina fedha robo moja, na zile za kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa hiyo tarehe ndiyo ya kusoma kwanza, kabla ya kusifu mng'ao. Senti kumi na ndururu (senti tano) zina tundu, hivyo hazina kichwa cha mfalme, bali jina lake tu. Hapo ndipo penye ajabu ya mwaka 1936. Mfalme Edward VIII alijiuzulu Desemba mwaka huo kabla sarafu zenye sura yake hazijaanza kutumika Uingereza, lakini senti zenye tundu, ambazo hazikuhitaji picha, zilishapigwa kwa jina lake na zikatumika Afrika Mashariki. Zilipigwa nyingi na hazina bei kubwa. Thamani yake ni kwamba mnunuzi wa chumvi wa Maswa alishika jina ambalo Mwingereza wa London hakuliona kwenye sarafu zake.

Za mwaka 1966 zinadharauliwa kwa sababu wazee wengi bado wanazikumbuka, na hilo ni kosa. Nyingine zimeshapotea, hivyo zilizobaki zinapungua. Sarafu hizo zina Mwalimu Nyerere upande mmoja; upande wa pili senti tano ina samaki, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi ina mkono ulioshika mwenge. Senti kumi ya punda milia ilifuata mwaka 1977. Mbuni na punda milia wangali wanaonekana katika Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Serengeti. Zikiwa katika hali nzuri, sarafu hizi zastahili kuwekwa kando sasa.

Hali hupimwa kwenye sehemu zilizoinuka, ambazo husuguliwa kwanza: manyoya ya shingo ya simba, nywele za mfalme, shavu la Mwalimu. Kusugua kwa majivu, mchanga au ndimu huondoa tabaka la rangi ambalo shaba imejijengea kwa miaka mingi, na sarafu iliyong'arishwa hivyo hupoteza sehemu kubwa ya bei yake bila kurudishika. Vumbi lioshwe kwa maji safi, kisha sarafu ikaushwe kwa kitambaa laini bila kusuguliwa. Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni haina bei katika orodha za wauzaji, lakini haifai kutupwa, kwa kuwa tundu hilo linaonyesha matumizi ambayo hakuna orodha inayoyataja.

Mifuko laini ya plastiki huacha utando wa kijani juu ya shaba, hivyo bahasha ndogo za karatasi kavu ni bora zaidi. Juu ya kila bahasha huandikwa mwaka, herufi ya kiwanda, jina la kijiji ilikopatikana na nani aliyekuwa nayo kabla.