Usimchinje Yule Pora Mkubwa (Bado)

Mgeni kafika bila taarifa, mtoto anatumwa uani akamate kuku. Atamkamata yupi? Mara nyingi ni yule pora aliyewapita wenzake, mwenye kidari cha kushikika. Siku ya gulio nayo, mnunuzi anamtaka huyohuyo. Wanaobaki bandani ni waliochelewa kukua, na hao ndio watakaokuwa wazazi wa vifaranga wa mwakani.

Kila mfugaji huchagua mbegu, hata asipojua kwamba anachagua. Shida ni kwamba wengi wetu tunachagua kinyume: tunawala wanaokua haraka, tunawazalisha wazito wa kukua. Halafu tunashangaa kuku wa nyumbani wanazidi kuwa wadogo!

Uzito unarithiwa, lakini si wote

Kuku mmoja akimzidi mwenzake uzito, sehemu ya tofauti hiyo imetoka kwenye vinasaba na sehemu nyingine imetoka kwenye chakula, magonjwa na bahati. Kwa uzito wa kuku, sehemu ya vinasaba mara nyingi hukadiriwa kuwa kati ya 0.3 na 0.5. Tuchukue 0.4.

Tuseme mapora wako wa wiki 12 wana wastani wa gramu 900, na uliowachagua wana wastani wa 1,100. Wamezidi kwa 200. Mitetea uliyoichagua imezidi wenzake kwa 100. Wastani wa pande zote mbili ni 150. Zidisha kwa 0.4, unapata gramu 60. Hizo ndizo unazoweza kutarajia watoto wao wazidi, wakilelewa vilevile. Kidogo? Rudia vizazi vitano uone.

Angalia pia kwamba jogoo peke yake hatoshi. Ukichagua jogoo mzuri ukaacha mitetea yoyote tu, faida inashuka hadi gramu 40.

Kuchagua kwa haki

Ile 0.4 inategemea ulinganishe sawa kwa sawa. Kifaranga aliyeanguliwa wiki mbili mapema ataonekana bingwa, kumbe ni mkubwa kwa umri tu. Kwa hiyo:

- Wafunge vifaranga wa mtotoleo mmoja uzi au pete ya rangi moja mguuni. Mguu unanenepa, kwa hiyo kagua na ulegeze mara kwa mara.
- Pima kwa mizani, asubuhi kabla hawajala. Gole lililojaa hudanganya.
- Linganisha mapora na mapora, mitetea na mitetea.
- Pima wiki ya 8, kisha ya 12 au ya 16. Wiki ya 8 ondoa wenye kasoro wazi: vidole vilivyopinda, mdomo uliopishana, miguu isiyonyooka. Uamuzi wa mwisho subiri upimaji wa pili.

Siku ya mwisho, mshike kuku mkononi. Papasa mfupa wa kidari: unyooke, uwe mrefu, na nyama ijae pande zote mbili. Mwangalie akitembea. Kuku mzito mwenye miguu dhaifu hapandi vizuri, na mayai yake au ya wake zake yatakuwa hayana mbegu.

Mitego mitatu

Wa kwanza ni kukimbilia uzito tu. Kwa kuku, uzito mkubwa na utagaji mwingi mara nyingi huvutana. Ukichagua mitetea mizito pekee kila kizazi, unaweza kujikuta na nyama nyingi kwa kila kuku, ila vifaranga hakuna. Kati ya mitetea mizito, baki na inayotaga vizuri.

Wa pili ni chotara. Sasso na Kuroiler hukua vizuri, lakini ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe, vinasaba vinachanganyika upya na watoto hutofautiana sana. Unaweza kuanzia hapo, ila jiandae kuchuja vizazi kadhaa.

Wa tatu ndio unaoumiza polepole: undugu. Zidisha 4 kwa idadi ya majogoo, kisha kwa idadi ya mitetea, halafu gawanya kwa jumla yao. Jogoo 1 na mitetea 10: 40 ÷ 11 = 3.6. Yaani kundi lako la kuku 11, kivinasaba, ni kama kuku wasiofika wanne! Majogoo 3 na mitetea 10: 120 ÷ 13 = 9.2. Umeongeza majogoo wawili tu. Undugu ukizidi, mayai hayaanguliwi vizuri na vifaranga hufa ovyo. Kama huwezi kulisha majogoo watatu, badilishana jogoo na jirani kila mwaka, mradi awe amechanjwa mdondo na umtenge wiki mbili kwanza.

Na mgeni je? Mchinjie pora wa pili kwa ukubwa. Kitoweo hakitapungua sana, na mbegu itabaki bandani.