Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupanda Basi la Nairobi

Lishe ikitajwa Garissa, wengi hufikiria ukame kwanza. Wana sababu. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa, na watoto wakalazwa kwa utapiamlo. Lakini katika boma hilohilo lenye mtoto aliyekonda, mara nyingi kuna mama au shangazi ambaye hawezi kupanda ngazi bila kutweta, miguu imevimba, na anameza dawa za presha na za sukari, ugonjwa ambao wengi hapa huuita macaan.

Mambo haya mawili yana chanzo kimoja. Familia iliyopoteza ngamia huhamia mjini. Maziwa hupungua, na nafasi yake huchukuliwa na wali, baasto, mafuta ya kupikia na shaah yenye sukari vijiko vinne au vitano. Safari ya miguu kwenda kisimani nayo hubadilika kuwa kukaa kibandani kutwa nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya kila watatu nchini, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi. Zaidi ya hayo, unene kwetu umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya neema, na mume hasifiwi kwa mke aliyekonda.

Ndiyo maana habari za upasuaji wa kupunguza uzito zimeanza kusikika hata Soko Mugdi. Zipo familia zinazochangishana qaraan ili mtu akafanyiwe Nairobi au ng'ambo. Makala hii inaeleza upasuaji huo ni nini, na maisha huwaje kabla na baada yake.

Upasuaji huu si kukata mafuta ya tumbo. Watu wengi hukosea hapo. Daktari hagusi kitambi. Anachobadilisha ni tumbo la chakula lililo ndani. Aina mbili ndizo hufanywa zaidi. Katika ya kwanza, karibu robo tatu au zaidi ya tumbo hukatwa na kutolewa kabisa, na kinachobaki ni mrija mwembamba mfano wa ndizi. Sehemu hiyo haimei tena. Katika ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo chenye ukubwa wa yai juu ya tumbo, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, hivyo chakula hupita bila kufika sehemu kubwa ya tumbo. Zote mbili kwa kawaida hufanywa kupitia matundu madogo, kwa kamera, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na homoni zinazoleta njaa hubadilika.

Anayefaa ni nani? Madaktari hutumia kipimo kiitwacho BMI: uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 103 ana BMI ya 40 hivi. Kwa miaka mingi kanuni imekuwa BMI ya 40 au zaidi, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaotokana na uzito kama kisukari au presha. Tangu 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vinapendekeza upasuaji uanzie 35 hata bila ugonjwa mwingine. Mwenye kilo chache anazotaka kupunguza kabla ya arusi hahusiki.

Kipimo hicho hakihitaji safari. Zahanati yoyote yenye mizani inaweza kukifanya, na wahudumu wa afya ya jamii waliopewa vifaa kuanzia 2023 hupima presha na sukari nyumbani. Ni vizuri kuanzia hapo, kwa sababu mtu anayefika Nairobi bila rekodi ya presha, sukari na dawa anazotumia hupoteza siku na pesa kurudia yote upya.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa nguo wa miaka 42, kilo 118, mwenye kisukari. Kabla ya upasuaji atapimwa damu, moyo, ini na tumbo kwa kamera. Ataonana na mtaalamu wa lishe na mshauri wa akili, kwani kuna watu wanaokula kwa huzuni, na kisu hakiondoi huzuni. Akivuta sigara au shisha ataambiwa aache. Wiki mbili za mwisho atakula kidogo sana ili ini lipungue na daktari apate nafasi. Akishafanyiwa, atakaa wodini siku moja hadi tatu kama hakuna tatizo.

Halafu ndipo kazi inapoanza. Wiki mbili za kwanza ni vinywaji tu: supu iliyochujwa, maji, maziwa. Baadaye huja chakula kilichopondwa, kisha laini, na baada ya wiki sita au nane chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo mno. Mtu aliyezoea kula na wenzake kutoka sinia moja atajikuta ameshiba baada ya matonge machache, huku wenyeji wakimhimiza aongeze. Familia isipoelezwa mapema, hali hii huleta ugomvi wa kweli.

Nyama ya mbuzi itafunwe hadi ilainike kabisa, la sivyo itakwama na kutapikwa. Maji yanywewe mbali na chakula, kama nusu saa baadaye, kwa mafunda madogo siku nzima. Katika joto la Garissa, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35, asiyebeba chupa yake ya maji huishia kwenye dripu. Shaah tamu, soda na halwa zinaweza kumletea aliyefanyiwa aina ya pili kizunguzungu, jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Maziwa ya ngamia ni chakula kizuri kwa protini, lakini yachemshwe, hata kama mzee wa nyumba anayapenda mabichi. Miraa huua hamu ya kula na hukausha mwili; daktari aambiwe ukweli kuhusu matumizi yake.

Vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, humezwa maisha yote. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diklofenaki, zinazouzwa kiholela madukani, zinaweza kuleta vidonda, hasa kwa aina ya pili. Dawa za kisukari na presha hupunguzwa na daktari mapema, kwa sababu sukari hushuka upesi. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Kuhusu Ramadhani, miezi ya mwanzo madaktari hushauri kutofunga. Suala hilo lizungumzwe na daktari na sheikh kabla ya mwezi kuandama.

Faida ni kubwa. Wengi hupoteza robo ya uzito wao au zaidi ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kisukari cha ukubwani hutulia kwa wengi, ingawa kwa wengine hurudi baada ya miaka. Utafiti wa Sweden ulioanza 1987 ulionyesha kuwa waliofanyiwa waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao wenye unene ambao hawakufanyiwa. Upande wa pili, nywele hukatika miezi michache ya kwanza, ngozi hulegea, mawe huweza kujitokeza kwenye nyongo, na uzito hurudi kwa anayerudia soda. Hatari kubwa ni uvujaji kwenye mshono, kutokwa damu na damu kuganda. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo ni karibu mmoja kwa kila watu elfu.

Uvujaji huo unaweza kutokea mtu akiwa amesharudi nyumbani, na Nairobi ni karibu kilomita 370. Kwa hiyo mgonjwa asirudi mapema mno, na abebe barua yenye jina la upasuaji aliofanyiwa. Homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, kutapika kusikokoma, kushindwa kupumua au mguu mmoja kuvimba: aende siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa au hospitali iliyo karibu, iwe Masalani, Dadaab au Modogashe, na aonyeshe barua hiyo.

Gharama katika hospitali za kibinafsi ni mamia ya maelfu ya shilingi, bila kuhesabu nauli za kurudi kliniki na vitamini za kila mwezi. Kabla qaraan haijakusanywa, familia iombe hesabu yote kwa maandishi, iulize SHA na bima yake italipa nini, na ihakikishe kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, kwamba daktari na hospitali wana leseni ya mwaka huu. Anayependelea ng'ambo ajibiwe kwanza swali moja: akirudi, nani atamfuatilia?