Mchezo Uliokatika Njiani
Mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulipozaliwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao yake. Mwaka huo huo ulianza kuonyeshwa katika televisheni mchezo wa Siri ya Mtungi, uliochezwa Bagamoyo kwa Kiswahili: maisha ya Cheche, kijana mpiga picha, pamoja na mambo ya ndoa, uzazi na UKIMWI.

Baada ya misimu miwili ukakoma, ilhali michezo ya kigeni hutufikia kwa mamia ya sehemu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Na siri ya mchezo huu ni kwamba gharama yake ililipwa na Marekani.

Ndugu wafanyakazi, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mkoa twaujenga kwa kodi yetu; hadithi zetu nazo tuzigharamie wenyewe, ili mwisho wake tuupange sisi.